Kubeti kidogo au kuacha kabisa wakati wa kupona uraibu: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu walioacha pombe au dawa za kulevya, na kwa wanaoishi nao. Wote wanauliza kama kubeti kunaweza kubaki maishani mwao kwa kiasi fulani.

*Nimetimiza zaidi ya mwaka bila kugusa pombe. Kila Jumamosi naweka mkeka (tiketi ya kubashiri mechi kadhaa) wa shilingi 1,000. Ukitiki, yaani nikishinda, nashukuru, ukichanika nalala. Mshauri wangu katika nyumba ya upataji nafuu anasema niache. Kubeti na pombe vinahusiana vipi? (Msomaji, Temeke)*

Hongera kwa mwaka huo, ndugu yangu. Mshauri wako ana sababu za msingi. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliuondoa ugonjwa wa kamari katika kundi la matatizo ya kushindwa kuzuia misukumo na kuuweka, katika mwongozo wake wa magonjwa ya akili, sura moja na uraibu wa pombe, heroini na tumbaku. Shirika la Afya Duniani nalo liliuweka katika kundi la uraibu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Hatua hizo zilitokana na dalili zinazofanana: dau linahitaji kuongezwa ili msisimko uwe uleule, mtu anakosa utulivu na kuwa mkali anapojaribu kuacha, anadanganya, na anarudi kesho kukomboa alichopoteza leo.

Kiasi cha shilingi 1,000 peke yake hakinipi jibu. Ningependa kujua kama mkeka ulianza kabla ya kuacha pombe au ulianza katika miezi ileile ulipoacha, kwa maana watu wengi waliokuwa wakinywa ili wasahau mawazo huipata nafuu ileile katika saa mbili za kusubiri matokeo. Jiulize pia kama kibanda unachobetia kimepakana na baa uliyokuwa ukinywea, na kama kuna Jumamosi uliyomficha mshauri wako. Iwapo mkeka ulianza ulipoacha pombe, au hata moja kati ya hayo mengine ni kweli, acha. Kama hakuna lililo kweli, hatari yako ni ndogo zaidi, lakini bado ningekushauri uache, kwa sababu unachokilinda ni kikubwa mno ukilinganisha na raha ya mkeka.

*Nimejiwekea kiwango cha shilingi 500 kwa wiki. Mwezi uliopita nilikivuka mara mbili, ila wiki nyingine nilikitii. Je, niendelee na kiwango au niache? (Msomaji, Nakuru)*

Swali lako ndilo gumu kuliko yote, na sitakudanganya kwamba kiwango hakimfai mtu yeyote. Wapo waliokuwa na tatizo dogo wakafanikiwa kupunguza na kubaki hapo. Hata hivyo, watafiti wa Quebec, Canada, waliowapa waraibu wa kamari tiba iliyolenga kucheza kwa kiasi waliona kwamba wengi wao, matibabu yakiendelea, walibadili lengo wenyewe na kuamua kuacha kabisa. Sishangai, kwa kuwa kiwango humlazimu mtu kufanya uamuzi upya kila wiki, na uamuzi huo hufanywa saa ileile ambayo tamaa iko juu, wakati aliyeacha ameshafunga mjadala.

Kiwango kina maana pale tu kinapowekwa kabla ya pesa kuingia mkononi, kinapojulikana na mtu mwingine, na kinapohusu pesa isiyokopwa. Hakifai kabisa kwa michezo ya kasi kama Aviator, ambamo kandege kanapaa kwenye skrini na raundi nzima inakwisha ndani ya sekunde chache. Hapo hakuna nafasi ya kukumbuka ulichoahidi. Jaribu hivi: acha kila aina ya kubeti kwa siku 90, kisha tazama kilichotokea. Ukiona siku hizo unazihesabu kama mfungwa, au umekopa Fuliza (mkopo wa M-Pesa) ili uweke dau kabla hazijaisha, umeshapata jibu, na jibu ni kuacha. Kwa kuwa umeshavuka kiwango mara mbili ndani ya mwezi mmoja, mimi naegemea huko tangu sasa.

*Mume wangu anatumia methadoni na heroini ameiacha. Nimegundua ana mikopo ya simu aliyoichukua kwa ajili ya kubeti. Nimlipie? (Mama wa watoto wawili, Dar es Salaam)*

Pole sana, dada. Usimpe pesa taslimu, na usilipe deni lolote kabla hajakuonyesha madeni yote, kwa sababu deni linalolipwa kimyakimya humrudishia uwezo wa kukopa tena jioni ileile. Kama mtalipa, lipeni moja kwa moja kwa mkopeshaji, na yeye akubali kwamba kwa kipindi fulani kodi ya nyumba na ada za watoto zitapita mikononi mwako. Mwombe pia awaeleze wahudumu wa kliniki ya methadoni kuhusu kubeti, kwa vile anafika huko kunywa dawa na wanamfahamu. Dawa hiyo inatibu uraibu wa heroini na haigusi kamari.

*Nimefuta programu ya kubeti, lakini ujumbe wa ofa unaendelea kuingia. (Msomaji, Mwanza)*

Kufuta programu hakufungi akaunti, kwa kuwa akaunti imefungamana na namba yako ya simu na inakusubiri. Toa salio lote, kisha iandikie kampuni ukiomba ikufungie akaunti na isikutumie matangazo. Fanya hivyo kwa kila kampuni uliyojisajili. Jitoe kwenye makundi ya Telegram na WhatsApp yanayouza mikeka, maana huko ndiko wengi wanakoponzwa. Mechi za mwanzo utakazotazama bila mkeka zitakuwa baridi, na hilo ni la kawaida. Zitazame pamoja na mtu asiyebeti.

*Bahati nasibu ya kuchangia ujenzi wa kanisa ni kamari? (Msomaji, Moshi)*

Kwa anayepona kutoka kamari, ndiyo. Toa mchango wako bila kuchukua tiketi.

*Nilikaa miezi kadhaa bila kubeti, juzi nikapoteza mshahara wote usiku mmoja. Naona aibu hata kuishi. (Msomaji, Mombasa)*

Naanza na maneno yako ya mwisho. Hasara ya kamari huwasukuma watu wengi kwenye mawazo ya kujiua, kwa hiyo usikae peke yako leo. Mwambie mtu mmoja unayemwamini kiasi kamili ulichopoteza, na upige 1199, simu ya ushauri ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Zote ni bure. Mawazo hayo yakizidi, nenda hospitali ya karibu, usisubiri asubuhi.

Kuhusu kubeti, miezi ile haikufutika, kwa kuwa uliyojifunza ndani yake bado unayo. Usijaribu kuukomboa mshahara huo kwa dau jingine. Ukitulia, andika kilichotangulia usiku ule: ulikuwa wapi, nani alikuwepo, pesa iliingia saa ngapi, na kama ulikuwa umekunywa. Mpelekee mshauri wako karatasi hiyo.