Shuka za mtoto zinafuliwa kila siku, mbona bado zinanuka?

Barua za safari hii zimehusu mahali anapolala mtoto mchanga. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu kosa lililomo tunalikuta katika nyumba nyingi.

SWALI: Mwanangu ana miezi miwili. Kitanda tumepewa na dada yangu, godoro lake la sponji lina madoa ya njano. Shuka naziloweka kwenye jiki kila asubuhi, nazifua kwa sabuni ya mche, namalizia na dawa ya kulainisha nguo. Zikikauka zinanukia vizuri, ila mtoto akikojoa mara moja tu chumba kizima kinanuka. Tunatumia maji ya kisima. Nakosea wapi?
*Mama, Tanga*

JIBU: Pole mama. Kazi unaifanya, ila umeanza na jiki mahali pa maji matupu. Mkojo ukikaa kwenye nguo, bakteria huugeuza kuwa amonia, ndiyo ile harufu inayochoma pua asubuhi. Jiki ikikutana na amonia hutoa hewa kali inayowasha macho na kifua, na nguvu yake inaishia hapo hapo kabla shuka haijatakata. Sabuni ya mche nayo haipatani na maji magumu ya kisima: povu halitoki, badala yake unapata utando mweupe unaonasa kwenye nyuzi na kushika mkojo wa jana. Dawa ya kulainisha inaufunika kwa manukato tu, tena inaifanya shuka isinyonye maji vizuri.

Shuka ikitoka kitandani, ipitishe kwanza kwenye maji baridi matupu, ikamue, mwaga, rudia. Kama ina choo, kikwangue na kukisuuza kabla ya yote. Usianze na maji ya moto, kwa sababu joto hugandisha kinyesi, maziwa na damu kwenye uzi na doa halitoki tena. Ndipo uloweke nusu saa kwenye beseni la lita 10 za maji ya uvuguvugu na kijiko kikubwa kimoja cha sabuni ya unga isiyo na manukato. Sabuni ya unga huyavumilia maji magumu kuliko ya mche. Fikicha, kisha suuza maji matatu. Kama mna maji ya mvua, yaweke kwa ajili ya suuzo la mwisho.

Usihesabu suuzo tu, pima. Kunja pembe ya shuka, pale penye pindo nene, ikamue taratibu juu ya kiganja. Maji yakitoka na vipovu vidogo au kiganja kikiteleza, sabuni bado imo. Sabuni hiyo inaweza kumpa mtoto vipele shingoni na mashavuni, halafu watu wanalaumu joto. Suuzo la mwisho unaweza kulitia nusu kikombe cha siki nyeupe ili ule utando wa zamani uachie. Siku ya siki isiwe siku ya jiki: viwili hivyo vikichanganyika hutoa gesi ya klorini. Jiki iwe ya shuka nyeupe za pamba peke yake, baada ya mkojo kutoka, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na isuuzwe mpaka harufu iishe.

Godoro ni habari nyingine. Usilitumbukize kwenye maji. Sponji hukauka nje ikabaki mbichi katikati, na kwa unyevu wa pwani hasa wakati wa masika, ukungu unaota ndani usikoona. Mkojo ukimwagika, kandamiza kwa kitambaa kikavu kinachonyonya, kigeuzie sehemu kavu, kandamiza tena. Usisugue, unausukuma chini. Pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa kwenye maji ya sabuni, kisha kingine chenye siki na maji sawa kwa sawa, kisha cha maji matupu. Lisimamishe kwa ubavu penye upepo, uligeuze. Jua la saa mbili tatu linafaa, lakini kulianika kutwa nzima siku baada ya siku hulifanya sponji liwe la njano na kumeguka.

Hilo la dada yako lipime kabla ya kulihangaikia. Bonyeza kwa kiganja, achia. Shimo likibaki, au ukinusa mshono ukasikia uvundo, tafuta jipya. Godoro la mtoto liwe gumu na bapa, na kati yake na ubavu wa kitanda visipite vidole zaidi ya viwili.

Kisha tandika tabaka mbili: mpira, shuka, mpira, shuka, kila moja ikiwa imechomekwa chini ya godoro. Usiku akilowesha, unavuta mpira na shuka ya juu pamoja na chini pameshatandikwa. Mipira 2 na shuka 4 zinatosha kuzungusha. Mpira uwe ule mzito wa kitandani. Mfuko wa nailoni mwepesi ukifunuka unaweza kumziba pua. Upanguse kwa maji ya sabuni pande zote, uning'inize kivulini bila kuukunja, maana kwenye mkunjo unapasuka na mkojo hujificha humo.

SWALI: Bibi yake mtoto ananilazimisha nipige pasi kila kitu, hata nepi na shuka za ndani. Umeme unaisha. Kuna ulazima?
*Mama, Morogoro*

JIBU: Bibi yuko sahihi kabisa, msikilize. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na kwenye udongo wenye harufu ya mkojo au kinyesi. Mayai huanguliwa kwa siku 1 hadi 3, na funza mdogo huingia kwenye ngozi bila mtoto kulia. Baadaye kinatokea kijipu chenye tundu dogo katikati, ndilo funza analopumulia.

Anika kwenye kamba, juani, si kwenye majani wala juu ya ua, na uanue kabla jua halijazama. Pasi iwe ya moto, upande wa ndani na wa nje, ukikaa zaidi kwenye mapindo na mishono kwa sababu huko ndiko unyevu unakobaki. Pasi ya mkaa inafanya kazi hiyo hiyo, hakikisha tu majivu hayadondoki. Ukikosa pasi kabisa, anika ndani ya nyumba yenye neti madirishani, au nguo zikikauka zikae wiki mbili kabla ya kuguswa na mtoto.

Kijipu kikishatokea, usikikamue, funza akipasuka ndani panaota usaha. Paka mafuta mazito ya mgando juu ya tundu ili akose hewa, umpeleke mtoto zahanati wamtoe.

SWALI: Mama mkwe ametuletea shuka na mfarishi wa mtoto kutoka sandukuni, vikiwa na zile gololi nyeupe za kufukuza mende. Vinanuka sana. Nikivifua vitafaa?
*Mama wa mtoto wa siku tisa, Mombasa*

JIBU: Visimguse mtoto kwanza, wala visikae chumba anacholala. Gololi hizo nyingi ni naftalini, na mvuke wake hunywewa na kitambaa kisha hupita kwenye ngozi na pumzi. Katika ukanda wetu wenye malaria, watoto wengi, hasa wa kiume, huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, bila nyumba kujua. Kwao naftalini huvunja chembe nyekundu za damu, manjano hupanda haraka, na manjano makali huharibu ubongo wa kichanga.

Toa kila kitu nje, kitandaze penye upepo siku kadhaa, fua, anika, kisha nusa. Harufu ikibaki hata kwa mbali, mfarishi huo ukae kwa wakubwa. Iwapo mtoto alishalalia, mtazame kwenye mwanga wa mchana: weupe wa macho, ufizi, nyayo. Ukiona njano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, au anakataa kunyonya, nenda hospitali saa hiyo na uwaambie kuhusu naftalini, wasilazimike kubahatisha.

Nguo zake zihifadhi zikiwa kavu ndani ya ndoo yenye mfuniko. Na chetezo cha udi, tunajua nyumba za pwani zinakipenda, fukizia nguo zako. Za kichanga ziache, moshi unamsumbua kifua.

SWALI: Neti ya kitanda cha mtoto ifuliwe mara ngapi?
*Baba, Mwanza*

JIBU: Ikiwa ni ya dawa, isizidi mara moja kila miezi mitatu; kila ukifua unapunguza dawa. Maji baridi, sabuni laini, bila jiki, bila kuloweka wala kusugua. Ianike kivulini, jua huila dawa. Maji yake yamwage shimoni au chooni, kamwe si ziwani, yanaua samaki. Vumbi la kila wiki likung'ute nje.

SWALI: Njombe ni baridi. Blanketi nene la mtoto halikauki, nakaa nalo siku tatu. Na mito ya pembeni inashika uvundo. Nifanyeje?
*Mama, Njombe*

JIBU: Mito ya pembeni na mto wa kichwa vitoe vyote, mtoto wa chini ya mwaka mmoja havihitaji na vinaweza kumziba pumzi. Badala ya blanketi nene, mvalishe nguo mbili tatu za pamba na soksi, kisha tumia blanketi jembamba lililochomekwa chini ya godoro pande tatu, likiishia kwapani. Jembamba likikamuliwa ndani ya taulo kavu kabla ya kuanikwa hukauka upesi zaidi. Likimaliza siku ya pili bado mbichi na linatoa uvundo, lisuuze upya na uanze tena. Kulikausha hivyo hivyo hakuondoi harufu. Unapomlaza, alale chali, na kichwa kiwe wazi.