Jibu: India kuingiza timu tatu Chennai 2022, haki iko wapi?

Ndugu, hakukuwa na hila. Kwenye Olimpiadi ya chesi, mashindano ya timu za mataifa ambayo 2022 yalifanyika Chennai, India, mwenyeji huruhusiwa timu ya ziada, na idadi ya timu ikitoka witiri huongezwa nyingine ili pasiwe na anayekaa bila mpinzani. Ndiyo maana India ilikuwa na A, B na C.

Sasa swali lako la pili, kwa nini mashabiki wa India bado wanaitaja raundi ya 10. Kumbuka timu B ilikuwa ya vijana watupu, ukimtoa Adhiban aliyewazidi umri. Mmoja wao, Gukesh, miaka 16, alishinda michezo minane ya mwanzo mfululizo! Mji mzima ulishapambwa, hadi daraja la Napier likapakwa miraba myeusi na myeupe, na sanamu ya mashindano, farasi wa chesi aliyevaa shuka la Kitamil, ikawa kila kona. Halafu wakakutana na Uzbekistan. Gukesh alikuwa juu dhidi ya Abdusattorov, saa ikamtafuna, akapoteza kete yake ya farasi kizembe na mchezo ukaenda. Mwenzake Praggnanandhaa alishinda wa kwake, michezo mingine miwili ikatoka sare, ikawa 2–2, lakini dhahabu ilishaanza kuelekea Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan. Uzbekistan ikachukua, Armenia ya pili, India B shaba. Timu A, iliyotegemewa zaidi, ikaishia ya nne.

Mimi naona shaba ile ilikuwa kubwa, ila mwenye shughuli haridhiki na ukoko. Walisubiri hadi Olimpiadi ya Budapest 2024, wakabeba dhahabu zote mbili, wanaume na wanawake.