Kwa mama anayeuliza kama korona iliwarudisha nyuma watoto wenye usonji

Dada, umeuliza kama ni kweli korona iliwarudisha nyuma watoto wetu, na ujiandae vipi na mwanao wa miaka 9 iwapo shule zitafungwa tena. Mimi namlea mdogo wangu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi. Ana usonji na haongei sana. Mwaka 2020 alikuwa na miaka 14. Korona yenyewe haikumpata. Kilichomwumiza ni kuvunjika kwa ratiba.

Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipotangaza tarehe 15 Machi kwamba shule zinafungwa, sisi tulielewa sababu. Mdogo wangu aliamka, akavaa sare, akaketi mlangoni na mkoba wake kungoja basi. Kesho yake vilevile. Basi lisipotokea, anajipiga kichwani. Masomo ya redio na runinga yalikuwepo, lakini ni ya mtoto anayeweza kukaa akasikiliza. Kufunga vifungo vya shati, jambo ambalo mwalimu wake alilipigania muda mrefu, kulipotea. Usiku akaanza tena kukojoa kitandani.

Halafu kafyu. Kila usiku baada ya chakula tulikuwa tunatembea hadi stejini na kurudi, ndipo anatulia na kulala. Kuanzia 27 Machi, ikifika saa moja jioni hakuna kutoka. Nikajaribu mchana, lakini barakoa alikuwa anairarua, na bila barakoa makanga wa matatu hawatubebi. Siwalaumu, amri ilikuwa amri. Nawalaumu waliotunga amri bila kumkumbuka mtu asiyevumilia kitambaa usoni. Usiku akipiga kelele, majirani wanagonga ukuta.

Oktoba shule zilipoanza kufunguliwa, walirudi gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne. Wetu hakuwa katika hizo. Alingoja hadi Januari 2021, na vifungo vile vilianza upya kabisa.

Kwa hivyo anza sasa, kukiwa shwari. Barakoa mzoeshe kidogo kidogo: aishike, aiguse shavuni, aivae kwa muda wa wimbo mmoja anaoupenda. Bandika ukutani picha za shughuli za nyumbani, ili siku yake isitegemee shule pekee. Kama anatumia dawa za kifafa, usingoje hadi kidonge cha mwisho. Zikikatika ghafla anaweza kupata degedege kali.

Lakini kubwa zaidi ni mtu wa pili. Waliopatikana na virusi mwanzoni walikuwa wanapelekwa kutengwa, wengine pale hospitali ya Mbagathi, na mimi nilikosa usingizi nikijiuliza: nikichukuliwa, nani atajua kwamba akishika sikio ana maumivu? Niliandika karatasi: anavyosema ndiyo, chakula asichogusa, dawa na saa zake, kinachomtuliza. Nakala moja nilimpa mama wa chumba cha pili, na akawa anakuja kumlisha nikiwepo ili amzoee. Andika ya mwanao wiki hii. Ukikwama popote, uliza hapa, nitajibu.