Kibali kwanza, hoteli baadaye: maswali yenu kuhusu safari ya Bwindi

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: namna ya kujiandaa kwenda msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, kuwaona gorila wa milimani. Tunasema "gorila" makusudi. Ukisema "sokwe", msomaji wa Kigoma atafikiria wale wa Gombe na Mahale, na ingawa hao nao wamo Bwindi, si wanaofuatwa na wageni.

*Tuko watu wazima wanne, tunatoka Bukoba na gari letu mwezi Julai. Wakala ameshatuwekea hoteli Buhoma, vibali anasema atavitafuta tukimaliza kulipa. Mpango umekaa sawa?*
Msomaji, Bukoba

Umekaa kichwa chini miguu juu. Msitu huu una sehemu nne za kuanzia matembezi: Buhoma upande wa kaskazini, Ruhija mashariki, Rushaga na Nkuringo kusini. Kibali cha kuwaona gorila huandikwa tarehe na sehemu yake, na hakibadilishwi pale getini kwa maneno matamu. Wakala akikosa nafasi Buhoma atawapa Rushaga, nanyi mmelala Buhoma. Kwenye ramani ni karibu, lakini gari haliwezi kukata msitu moja kwa moja: linazunguka milima kwa saa tatu, nne au zaidi, na mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Wageni hupewa maelekezo kati ya saa moja na nusu na saa mbili asubuhi. Mkichelewa, kundi lenu linaondoka.

Kwa hiyo mwambieni asitishe hoteli mpaka mshike kibali chenye majina yenu kama yalivyo kwenye pasipoti. Vibali hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, yenye makao makuu Kamwokya, Kampala, moja kwa moja au kupitia kampuni za utalii zilizosajiliwa. Kila familia ya gorila hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, na Julai ni wakati wa wageni wengi, hivyo miezi mitatu au minne kabla si mapema mno. Mkikosa Buhoma, ulizieni Rushaga, kwa sababu ndiko kwenye familia nyingi zilizozoeshwa watu.

Angalieni pia bei mliyotajiwa. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2024, mgeni kutoka nje ya Afrika hulipa dola 800, lakini raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000 za Uganda. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuiacha ipotelee kwa wakala. Thibitisheni kiwango cha siku mnayolipa, na mbebe pasipoti zenyewe, si picha kwenye simu, maana bei ya raia hudaiwa kwa ushahidi. Mtanzania anavuka mpaka wa Mutukula kwa pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Mambo ya kitambulisho cha taifa peke yake ni ya Wakenya, Waganda na Wanyarwanda.

Njia: Mutukula, Kyotera, Masaka, Mbarara, Ntungamo. Hapo Ntungamo ndipo kibali kinapoamua: wa Buhoma wanakwenda Rukungiri, Kihihi na Butogota, wa Ruhija na Rushaga wanashika Kabale. Lami ni nzuri mpaka miji hiyo, kisha inakuja barabara ya udongo mwekundu, nyembamba, bonde upande mmoja. Gari dogo la chini huweza kufika kukiwa kukavu, ila msilitegemee. Tafuteni linalovuta magurudumu yote manne. Laleni Mbarara au Kabale, msijaribu kuimaliza kwa siku moja. Toeni fedha taslimu na kujaza mafuta mkiwa huko huko mjini.

*Naambiwa Juni hadi Agosti ni kiangazi. Ya nini basi koti la mvua na viatu vizito?*
Msomaji, Nairobi

Kiangazi cha msitu wa mvua si kiangazi cha Machakos. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, lakini hakuna mwezi ambao Bwindi haipati mvua. Hata jua likiwaka, majani yana umande hadi saa nne na udongo chini hauoni mwanga. Halafu hakuna njia ya miguu ya kufikia gorila. Wafuatiliaji hutangulia alfajiri, wakaanzia kwenye viota wanyama walimolala usiku uliopita, nanyi mnafuata nyuma ya panga linalofyeka. Inaweza kuwa nusu saa, inaweza kuwa saa sita.

Suruali iwe ndefu na nyepesi, ya kitambaa kinachokauka haraka. Jinzi ni kosa: ikilowa inakuwa nzito, inakwaruza mapaja na haikauki mpaka kesho. Soksi ndefu, na uchomeke suruali ndani ya soksi. Hiyo ndiyo kinga ya siafu, ambao huwezi kuwaona mpaka wamefika kwenye goti. Viatu vifunike kifundo cha mguu na viwe na meno marefu chini. Usivae vipya siku hiyo, vitembelee wiki mbili kabla. Gambuti zinafaa tope la bondeni, lakini kwenye mteremko mguu unacheza ndani na kifundo kinateguka. Chukua glavu za bustanini, maana utashika chochote ili usianguke, na vingine vina miiba au vinawasha. Koti la mvua liwe la mwilini, si lile shuka la plastiki la kujitupia, kwa kuwa linanasa kwenye matawi.

Begani: maji lita mbili, chakula cha mchana, na mfuko usiopitisha maji wa kuwekea simu na karatasi. Ukipitia Rwanda usibebe mifuko ya plastiki ya dukani, huchukuliwa mpakani. Kumbuka pia baridi. Msitu unapanda kutoka mita 1,160 hadi 2,607, na Ruhija iko juu kupita sehemu nyingine zote. Sweta la kulalia si anasa.

*Nina miaka 61 na goti la kushoto linauma nikishuka ngazi. Niache?*
Msomaji, Dodoma

Si lazima, mama, lakini chagua sehemu. Nkuringo iepuke: unashuka bonde kali kwenda na kulipanda kurudi, na kushuka ndiko kunakoliua goti. Buhoma kwa kawaida ni nafuu zaidi. Asubuhi, kabla hamjagawanywa, mwambie mhifadhi mapema kuhusu goti. Hugawa makundi wakiangalia pia nguvu za watu, na familia iliyo karibu huwapa wanaohitaji. Ukinyamaza kwa aibu utawekwa na vijana.

Kodi mpagazi hata kama begi lako ni jepesi. Kwa dola 15 hadi 20 hivi unapata mtu wa kijiji hicho, anayejua pa kukanyaga, wa kukushika mkono kwenye utelezi. Fimbo huazimwa getini. Na kwa asiyeweza kutembea kabisa kuna machela inayobebwa na watu kwa zamu. Gharama yake ni dola mia kadhaa na inaombwa kabla, si mkiwa mmeshaingia.

*Binti yetu ana miaka 13, mrefu kuliko mimi. Atapita?*
Mama wa watatu, Mombasa

Hapana. Umri ni miaka 15, na urefu haumsaidii, pasipoti inasomwa. Mpango unaofaa kwa familia yenu ni wazazi kuchukua vibali vya siku mbili tofauti, mmoja aende na mwingine abaki na mtoto. Buhoma kuna njia fupi ya maporomoko ya maji anayoweza kutembezwa bila kibali cha gorila. Msimfiche kwenye orodha mkitumaini huruma, kibali kitapotea.

*Nimezaliwa Unguja, nimekulia Muscat. Nilipata malaria nyingi utotoni. Bado nahitaji vidonge?*
Msomaji, Oman

Unahitaji. Kinga ya utotoni hufifia ukikaa miaka mbali na mbu, na mwili wako sasa ni wa mgeni. Msituni kwenyewe juu kuna baridi na mbu si wengi, lakini utapita Entebbe, na ukienda Buhoma utashukia Kihihi, kwenye joto. Muone daktari akuchagulie dawa. Doksisaiklini huanza siku moja au mbili kabla, kila siku, hadi wiki nne baada ya kutoka. Meza na chakula na gilasi nzima ya maji, usilale nusu saa baada yake, la sivyo inaunguza koo la chakula. Mjamzito haimfai. Atovakuoni na proguanili huanza vivyo hivyo, ila hukoma siku saba baada ya safari. Wengi hukosea hapo mwisho: wakifika nyumbani wanaacha.

Chanjo ya homa ya manjano ipigwe siku kumi kabla ya kuingia Uganda, kwa kuwa cheti huanza kuhesabiwa siku hiyo ya kumi. Ukichanjwa mara moja kinatosha maisha. Ukitaka kupitia Unguja kuwasalimu ndugu, kadi hiyo hiyo utaulizwa. Ndege ndogo za kwenda Kihihi au Kisoro huruhusu kilo 15, kwenye begi laini. Sanduku gumu liache Entebbe.

*Nikiamka na mafua siku ya matembezi, ninyamaze?*
Msomaji, Kampala

Usinyamaze. Mafua yanayokupa wewe kamasi yanaweza kumuua gorila, na hawa ni wachache: sensa ya 2018 ilihesabu 459 katika Bwindi na hifadhi jirani ya Sarambwe, upande wa Kongo. Ndiyo maana mnavaa barakoa, mnakaa mita kumi, na saa moja ikiisha mnaondoka. Mhifadhi akikuona unakohoa ana haki ya kukuacha getini, hivyo soma masharti ya kurudishiwa fedha kabla ya kulipa. Ratiba yako iwe na siku moja ya ziada, na usiku wa kuamkia matembezi usiwe ule ule uliofika umechoka na baridi ya basi. Kikohozi kikikushika ukiwa ndani, geuza uso upande mwingine na ukoholee kwenye kiwiko. Mate usiteme.