Baiskeli ya umeme huhesabiwa kuwa baiskeli hadi wapi?

Nina baiskeli yenye mota ya wati 500. Muuzaji alisema haihitaji leseni popote. Ni kweli?

Hapo kwenye "popote" amekosea. Katika majimbo mengi ya Canada mota ya wati 500 inakubalika, mradi isiisukume baiskeli kupita kilomita 32 kwa saa. Ipeleke baiskeli hiyohiyo Ujerumani au Uingereza, utakuta masharti mengine: mota isizidi wati 250, isaidie pale tu unapokanyaga pedali, na iache kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Ikikosa hata sharti moja, kisheria ni chombo cha moto, nacho hudai usajili, bima na leseni.

Usishtuke ukiona mota ya wati 250 inatoa nguvu maradufu kwa muda mfupi mlimani. Sheria hupima nguvu ambayo mota inaweza kuitoa mfululizo bila kuchemka. Soma kibandiko cha kwenye mota au fremu kabla ya kuamini tangazo.

Yangu imetoka Marekani, imeandikwa Daraja la 3. Ndiyo bora kuliko la 1?

Daraja halipimi ubora. La 1 husaidia ukikanyaga, hadi kilomita 32 kwa saa. La 2 lina akselereta, kwa kikomo hichohicho. La 3 husaidia ukikanyaga hadi kilomita 45. California, kwa mfano, anayeendesha Daraja la 3 lazima awe ametimiza miaka 16 na avae helmeti. Yenye kasi ndiyo pia hufungiwa njia nyingi zaidi. Anayetaka njia tulivu mbali na magari atanufaika na la 1.

Fundi anaweza kuondoa kikomo cha kilomita 25 kwenye yangu. Kuna ubaya?

Upo, na tunakusihi usikubali. Siku hiyohiyo inaacha kuwa baiskeli mbele ya sheria, na ukimgonga mtu bima yako inaweza kukataa kulipa.

Kubwa zaidi ni breki. Ukienda kilomita 25 kwa saa unapita karibu mita 7 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka na kushika breki imekula mita 7, na breki nzuri kwenye lami kavu zitakula 5 nyingine: jumla 12. Kwa kilomita 45, unapita mita 12 na nusu kabla hujashika breki, kisha unahitaji kama 16 za kusimama: zaidi ya 28. Mwendo haujafika hata maradufu, lakini umbali umezidi maradufu, kwa kuwa nishati ya kuizima hukua kwa mraba wa kasi. Pedi na diski zilichaguliwa kwa mwendo mdogo. Kwenye mteremko mrefu zitachemka na kupoteza nguvu. Halafu kuna dereva anayetoka njia ya pembeni: ameona baiskeli, akakadiria mwendo wa baiskeli, akaingia barabarani.

Kwenye vijia vya msituni, nani humpisha nani?

Mwenye baiskeli humpisha anayetembea na mwenye farasi, na anayeshuka humpisha anayepanda. Ila kwa umeme unapanda kwa kasi ambayo aliye mbele yako haitarajii, kwa hiyo piga kengele ungali mbali, kisha pita kwa mwendo wa mguu. Ukikutana na farasi, simama, zungumza kwa sauti ya kawaida ili ajue wewe ni mtu, na usubiri mpandaji akuruhusu.

Mota nyingi huendelea kusukuma kidogo baada ya miguu kutulia, basi acha kukanyaga mapema kabla ya kona kali. Kwenye matope teremsha ngazi ya msaada. Ukiiacha ya juu, gurudumu la nyuma litazunguka bure na kuchimba mfereji, ambao mvua inayofuata itaupanua.

Kagua pia kibao cha mwanzo wa njia. Katika misitu ya taifa ya Marekani baiskeli ya umeme huhesabiwa chombo cha moto, na haiingii kwenye kijia cha wasio na mota mpaka kijia hicho kifunguliwe rasmi kwa ajili yake.

Nikizima mota, naweza kupita palipokatazwa?

Hapana. Kinachokatazwa kwa kawaida ni chombo chenye mota, iwe imewashwa au imezimwa.