Kuingia kwenye uchunguzi wa kidijitali bila mtaji mkubwa

Vijana wengi wa TEHAMA huniuliza swali moja: "Kaka, nilipie kozi gani niingie kwenye uchunguzi wa kidijitali?" Yaani kazi ya kutafuta ushahidi ndani ya kompyuta na simu. Jibu langu huwa linawaudhi: usilipie yoyote kwanza. Kozi moja ya SANS, Wamarekani wanaoheshimika sana kwenye fani hii, inazidi dola 8,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 20 za Tanzania, na hapo hujanunua hata kompyuta. Kozi zenyewe ni nzuri, siwezi kuzisema vibaya. Ila ni za mtu anayelipiwa na mwajiri, na wewe mwajiri bado huna.

Mimi nimetokea kwenye ufundi. Nilikuwa natengeneza kompyuta Kariakoo, baadaye nikaajiriwa kitengo cha TEHAMA cha ofisi fulani, na huko ndiko nilikoanza kukabidhiwa mashine za watumishi waliotuhumiwa hiki na kile. Siku ya usaili wa kazi niliyo nayo sasa, mezani walikaa mkaguzi wa hesabu na mwanasheria. Cheti hakikuulizwa. Walifungua ripoti niliyokwenda nayo, ripoti ya kesi ya mazoezi tu, wakanihoji sentensi kwa sentensi. Kwa hiyo ushauri wangu wote hapa unaelekea kwenye kitu kimoja: uwe na ripoti uliyoiandika mwenyewe na unayoweza kuitetea. Hiyo haihitaji milioni 20.

Vifaa nitavipitia haraka. Kompyuta mpakato iliyotumika, ya ofisini, zile ThinkPad au Latitude zinazouzwa mjini, inatosha kabisa. Usihangaike na mwonekano wake, hangaikia RAM: GB 16 zinafaa, GB 8 utaenda nazo kwa uvumilivu. Ongeza diski moja ya nje ya kuhifadhia kesi. Programu ni za bure. Autopsy ya kuchambulia diski ni programu huria. FTK Imager ya kutengenezea nakala haiuzwi. Volatility inasoma kilichokuwa kwenye RAM, Wireshark inasoma mawasiliano ya mtandao, na zana za Eric Zimmerman zinafukua Windows vizuri kuliko baadhi ya programu za kulipia. Usizipakue zote siku moja. Anza na Autopsy na FTK Imager, uzizoee.

Gharama ambayo watu hawaipigii hesabu ni bando. Nakala za diski za mazoezi unazopakua zinapimwa kwa GB, na intaneti ikikatika faili likiwa asilimia tisini unaweza kulia. Tumia programu inayoendeleza upakuaji pale ulipokatika, wget yenye alama ya -c inafanya hivyo, na pakua ukiwa chuoni, ofisini kwa ruhusa, au usiku bando likiwa rahisi. Faili likishafika, pima hashi yake, ile alama ndefu inayobadilika faili likiguswa hata kidogo, na uilinganishe na iliyochapishwa. Ukifanya hivyo umeshaanza kazi yenyewe, maana hata mahakamani jambo la kwanza ni kuonyesha kwamba ulichokichunguza ndicho kilichokamatwa.

Kesi ya kwanza ninayompa kila mtu inatolewa bure na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Wanaiita Hacking Case. Ni kisa cha kutungwa: tarehe 20 Septemba 2004 imeokotwa kompyuta ya Dell iliyotelekezwa, pamoja na kadi ya mtandao usiotumia waya na antena ya kujitengenezea. Inashukiwa kwamba mwenyewe ni mtu anayeitwa Greg Schardt, ambaye mtandaoni anajiita "Mr. Evil" na huegesha gari karibu na sehemu zenye mtandao wa wazi ili anase mawasiliano ya watu. Kazi yako ni kuihusisha kompyuta ile na mtu huyo. Windows yenyewe ni XP, ya zamani kweli. Usiidharau, kwa sababu mifupa ya Windows ya leo ni ileile.

Sasa tazama kesi hii inavyofundisha. Ukifungua rejista, yaani ghala la mipangilio ya Windows, utaona kompyuta imeandikishwa kwa jina la Greg Schardt. Utaona pia kuna akaunti ya Mr. Evil. Anayeanza hufurahi papo hapo, akaandika: "Greg Schardt ndiye Mr. Evil." Umejuaje? Jina la mwenye kompyuta linaandikwa na yeyote anayesakinisha Windows, hata "Rais wa Dunia" utaliandika. Lakini ukiendelea kupekua, ndani ya folda ya programu inayoitwa Look@LAN kuna faili dogo la maandishi, irunin.ini, ambalo programu ililiandika yenyewe wakati wa kusakinishwa. Humo jina la mmiliki ni Greg Schardt, mtumiaji aliyekuwa ameingia wakati huo ni Mr. Evil, na anwani ya mtandao ya kompyuta ipo pia. Majina mawili kwenye faili moja. Hapo una kitu cha kusimamia, ingawa hata hapo sentensi ya haki ni kwamba akaunti ya Mr. Evil ilitumika kwenye kompyuta iliyoandikishwa kwa jina hilo. Nani alikuwa amekaa mbele ya kioo, diski haisemi.

Endelea hadi umalize maswali yao yote, kuna thelathini hivi. Majibu yamezagaa mtandaoni na yatakuvuta uyachungulie. Andika lako kwanza, ndipo ulinganishe.

Hilo neno "umejuaje?" nimelipata kwa rafiki yangu wakili. Nilimpa ripoti yangu ya mwanzoni aisome, akairudisha pembeni imejaa wino mwekundu, neno ni hilohilo kila aya. Mtafute mtu wa aina hiyo: wakili, mhasibu, hata mwalimu, ilimradi si mtu wa kompyuta. Akishindwa kukufuata, tatizo ni lako. Ukiwa Tanzania soma pia kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Kinasema ushahidi haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, kisha kinataja vitu vya kupima uzito wake: ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, uadilifu wake ulivyolindwa, na aliyeutoa alivyotambuliwa. Ukurasa mmoja tu, na ripoti yako yote inatakiwa iujibu. Ongezea mwongozo wa polisi wa Uingereza, ule wa ACPO, chama cha zamani cha wakuu wa polisi. Una kanuni nne, na ninayoipenda mimi ni ya tatu: weka kumbukumbu ya kila hatua ili mtu mwingine akiifuata apate majibu yaleyale.

Ukishamaliza Mr. Evil, tengeneza kesi yako mwenyewe. Chukua flashi ndogo, ijaze sifuri mwanzo hadi mwisho ili mabaki ya zamani yasikuchanganye, weka picha zako na nyaraka chache, futa baadhi, tengeneza nakala yake kwa FTK Imager, halafu jaribu kuvirudisha vilivyofutwa kwa Autopsy. Rudia zoezi hilo kwa SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na utaona tofauti. Kwenye diski ya kuzunguka, kufuta faili mara nyingi ni kuondoa jina tu, maudhui yanabaki mpaka yaandikwe juu yake. SSD nyingi hupewa amri ya TRIM, inayoziambia nafasi ya faili lililofutwa haihitajiki tena, na kilichofutwa hutoweka kweli, wakati mwingine ndani ya muda mfupi mno. Mteja akikuuliza kama picha zake zitarudi, jibu linategemea hilo kabla ya ujuzi wako.

Kuna wanaoshauri ununue diski kuukuu mjini ufanyie mazoezi. Mimi sishauri. Nimeshika za kutosha nikiwa fundi: zina vitambulisho, picha za harusi, mishahara ya ofisi nzima. Mwenye diski hakukuruhusu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukinunua moja, ifute yote kabla ya kuiangalia.

Ila kazi halisi ya huku kwetu iko zaidi kwenye simu: miamala ya pesa, mazungumzo ya WhatsApp, zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii". Vifaa vya Cellebrite, vya kutolea data kwenye simu, ni vya bei ya taasisi, visahau. Mchunguzi mmoja, Josh Hickman, huandaa simu za Android za majaribio, huzitumia, kisha hutoa nakala zake bure pamoja na maelezo ya alichofanya na saa aliyofanya. Ingiza nakala hiyo kwenye ALEAPP ya Alexis Brignoni, nayo ya bure, upate ripoti inayosomeka. Halafu usiiamini. Fungua hifadhidata yenyewe kwa DB Browser for SQLite uone namba ilikotoka.

Hapo ndipo utakutana na saa. Utakuta mfano 1700000000000. Hizo ni milisekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na zinakupa tarehe 14 Novemba 2023, 22:13 kwa UTC, yaani saa za kimataifa. Kwetu tuko mbele saa tatu, kwa hiyo ni 01:13 na tarehe imeshageuka kuwa 15. Shahidi naye atasema ilikuwa saa saba usiku, na huenda akasema ilikuwa "Jumanne usiku", kwa sababu kwake bado hakujakucha. Wote wako sawa. Weka kwenye ripoti yako jedwali linaloonyesha saa ya kifaa, saa za Afrika Mashariki, na saa kama shahidi alivyoitaja. Zana za kigeni hazitakufanyia hilo.

Kuhusu ajira, nafasi zenye jina la mchunguzi wa kidijitali ni chache. Ingia kwa mlango wa pembeni: TEHAMA ya benki au kampuni ya simu, ukaguzi wa ndani, kampuni za ukaguzi wa hesabu. Ukiwa humo, siku laptopu ya mtu inaposhikiliwa, wewe ndiye utakayesema isiwashwe ovyo. Mashindano ya bure ya Magnet na Cellebrite, kampuni za zana za uchunguzi, na mazoezi ya tovuti ya CyberDefenders, weka kwenye wasifu wako, lakini ambatanisha maelezo ya ulivyofikia majibu.

Na jiandae kwa wateja wako wa kwanza. Wakisikia unachunguza simu, watakuja na ombi moja: "Nifungulie simu ya mke wangu nione anaongea na nani." Mume wangu, mchumba wangu, mfanyakazi wangu wa ndani, yote ni mamoja. Wanalipa vizuri na wanalipa taslimu. Kataa. Kuingia kwenye kifaa cha mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na ukishajulikana kwa kazi hizo, wakili wa upande wa pili hatahangaika kuisoma ripoti yako. Atakuuliza tu ni simu za watu wangapi umewahi kuzifungua bila wenyewe kujua.