Filta ya 720 na picha nyekundu tupu: jibu kwa ndugu wa Mbarara

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu: kwa nini filta yako ya nanomita 720, inayopitisha mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, inatoa picha nyekundu tupu, tena zenye ukungu, kama ni lazima kamera ifunguliwe na kubadilishwa ndani, na kama Uganda hii iliyojaa kijani inafaa kwa picha za infraredi. Naanza na la mwisho, maana hilo ndilo litakaloamua kama utaendelea au utaiuza hiyo filta.

Inafaa, ila inadai macho ya aina nyingine. Klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, hainyonyi mwanga wa infraredi. Mwanga huo ukiingia ndani ya jani hugonga kuta za seli na nafasi za hewa zilizo kati yake, kisha mwingi hurudi nje, ndiyo maana majani hutoka meupe. Mwanafizikia Mmarekani Robert W. Wood alichapisha picha za namna hii tangu 1910. Wenzetu wa Ulaya hufurahia mti mmoja mweupe mbele ya jengo la mawe. Sisi majani hayatupungukii. Elekeza kamera kwenye kilima cha migomba: migomba nyeupe, mikaratusi myeupe, nyasi nyeupe, na picha nzima inakuwa uji. Usidhani kiangazi kitakuokoa, kwa sababu nyasi kavu nazo hurudisha infraredi kwa wingi. Barabara ya murramu nayo haiwi nyeusi, hutoka kijivu cha katikati.

Kwa hiyo kwetu huku tafuta cheusi kwanza, majani yatajileta yenyewe. Cheusi cha uhakika ni maji. Maji hunyonya infraredi, na kile kidogo yanachoakisi ni anga, ambalo nalo ni jeusi kwa sababu hewa safi hutawanya buluu kwa nguvu lakini infraredi huiacha ipite. Nenda ufukweni mwa Ziwa Victoria penye gugu maji, lile ambalo wavuvi wanalilaani, uone linavyokuwa visiwa vyeupe juu ya maji ya wino. Mafunjo hufanya vivyo hivyo. Wewe wa Mbarara una bahati: Ziwa Mburo liko jirani, na ukishika barabara ya Kasese kupitia Ishaka utakutana na mashamba ya chai ya Bushenyi, kisha maziwa ya kreta, yaani mashimo ya volkano yaliyojaa maji, ya Bunyaruguru kule Rubirizi. Ziwa la kreta ni duara jeusi lililozungukwa na ukingo mweupe, na hapo kazi ya kupanga picha imeshafanywa nusu. Ziwa Bunyonyi pia ni pazuri kwa matuta yake, lakini usiende alfajiri kwa ajili ya ukungu. Watu husema infraredi hupenya ukungu. Hapana. Hupunguza utusitusi wa vumbi laini na moshi mwembamba wa mbali, lakini matone ya ukungu na mawingu ni makubwa mno, hayapenyeki. Kama milima ya Rwenzori imejifunika, imejifunika.

Habari njema ni kwamba saa zile ambazo wapiga picha wengine wamelala ndizo zako. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri jua letu la ikweta ni kali na mawingu ya mafungu yamesimama juu ya anga jeusi. Saa sita kamili mimi huiachia maji na mawingu. Kwa miteremko ya chai nangoja kivuli kilale kidogo, la sivyo mistari ya michai haionekani. Vaa kofia, na lenzi nayo ivae yake, kwa sababu lenzi nyingi hazikupakwa dawa ya kuzuia mng'ao wa infraredi.

Sasa hizo picha nyekundu. Mbele ya kihisi cha kamera, sehemu inayopokea mwanga, kuna kioo kinachozuia infraredi. Filta yako inazuia karibu mwanga wote unaoonekana, kioo hicho kinazuia karibu kila kilichobaki, na kinachofika kwenye kihisi ni tone. Lenga rimoti ya televisheni kwenye lenzi, bonyeza kitufe, tazama kwenye skrini: taa ya rimoti, ambayo ni ya infraredi, ikiwaka vizuri, kioo cha kamera yako kina uvumilivu, ikionekana kwa shida, jiandae kwa sekunde nyingi. Nikon D70 ya zamani ilisifika kwa kioo chake dhaifu, nyingi za sasa ni kali zaidi. Tumia stendi, tundu la lenzi la f/8, ISO ya chini, na acha shata wazi sekunde 20 au 30 uone. Usipite f/11, maana mawimbi haya ni marefu na ukali hupotea mapema. Kama kamera ni DSLR, ile yenye kioo cha ndani na tundu la kuchungulia, fokasi kabla ya kufunga filta, halafu ziba tundu hilo. Infraredi hufokasi mahali tofauti kidogo. Lenzi za zamani zina alama nyekundu ya kurekebishia. Huo ukungu wa picha zako huenda ni fokasi, au ni upepo tu: jani la mgomba halitulii sekunde 30. Likiwa ni doa jeupe katikati ya picha, tatizo ni lenzi, na ukibana tundu la lenzi zaidi doa linakuwa kali zaidi. Jaribu lenzi nyingine.

Wekundu wenyewe si kosa. Piga faili ghafi (RAW), na pima mizani ya weupe (white balance) kwenye nyasi zenye jua. Programu ya kuhariri picha ya Lightroom hugoma mizani hiyo ikishuka chini ya Kelvin 2000, kwa hiyo inahitaji profaili maalumu ya rangi. Darktable, programu nyingine ambayo ni ya bure, inakuruhusu uchague kipande cha majani na kazi imekwisha. Majani yatakuwa karibu meupe na anga litakuwa la kahawia. Ndipo unaingia programu ya GIMP, kwenye kichanganya chaneli za rangi: nyekundu ichukue thamani ya buluu, buluu ichukue ya nyekundu. Anga linageuka buluu. Tazama histogramu, ile grafu ya mwangaza, ya chaneli nyekundu peke yake, maana ndiyo inayoungua kwanza wakati ile ya jumla inakuambia mambo ni salama. Kwa maoni yangu, picha za maziwa ya kreta ni bora nyeusi na nyeupe. Rangi ya buluu ya bandia huwa inapiga kelele.

Kubadilisha kamera ndani, yaani kukitoa kile kioo na kuweka filta mahali pake, si lazima mpaka uchoke kubeba stendi. Ukichoka, nunua mwili wa kamera wa zamani kwa kazi hii tu, usiguse ule unaokulisha kwenye harusi. Chagua filta ya 720 tena kama unataka rangi kidogo, 590 kama unataka majani ya dhahabu, 850 kama ni nyeusi na nyeupe tu. Na tafadhali usijaribu kuifungua mwenyewe mezani kwa kufuata video: kapasita ya flashi hubaki na umeme hata betri ikiwa imetolewa, na pigo lake si la mchezo.

Ukishapita Rubirizi, weka hapa faili ghafi moja tuichambue pamoja.